Noti ya Nne

Fundi muziki alibonyeza noti tatu, kompyuta ikaonyesha nne.

"Umeanza kuzeeka, bibi," aliiambia mashine, maana tangu mkewe aondoke hakubakiwa na mwingine wa kumtania. Kinanda chake kilikuwa programu tu, na kila noti inayolia humo huila prosesa, ubongo wa kompyuta, nguvu zake. Akainua vidole vyote. Noti moja ikabaki kwenye skrini, mshale wa kupima prosesa ukapanda hadi kwenye rangi nyekundu, feni ikaanza kuhema.

Akavaa visikilizi. Kulikuwa na mtu anaimba puani, polepole, karibu kabisa na sikio. Chumba kikanukia sabuni, kama mtu katoka kuoga sasa hivi. Mchana kweupe, nywele zikamsimama.

Angekimbia. Badala yake, wiki nzima, akawa anawahi kurudi nyumbani.

"Kaka, huyo ni jini," dada yake alinong'ona kwenye simu.

"Ananiimbia tu."

"Ndivyo wanavyoanza. Mtoe, la sivyo sikanyagi hapo tena!"

Dada ndiye ndugu pekee aliyemsalia, kwa hiyo alitii, kwa njia aliyoijua. Aliigandisha sauti ya kinanda. Mafundi hufanya hivyo mashine ikilemewa: wanairekodi sauti ilivyo, wanaizima programu, prosesa inapumua. Mshale ukashuka chini kabisa. Feni ikanyamaza.

"Katoka," alimwambia dada.

"Afadhali. Kaenda wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria.

Jumapili mvua ilinyesha bila kukoma, naye akakaa kwenye benchi mbele ya mashine iliyozimwa, akisikiliza friji, akisikiliza bomba linalodondoka, akisikiliza pumzi zake mwenyewe katika nyumba isiyo na mtu wa kumuuliza kama amekula, mpaka akajikuta akinong'ona kwa aibu, "Rudi, basi."

Wimbo ukaanza jikoni. Ukaja ukumbini, ukavuka mlango uliofungwa, ukasimama nyuma yake, na joto la pumzi likamgusa shingo. Simu alikuwa nayo mkononi. Kidole kilikuwa juu ya jina la dada.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alijiambia, akaiweka simu chini.

"Sogea kidogo," sauti ikasema.

Fundi akasogea, akampisha kwenye benchi.