Goti la Egau

Asubuhi ya soko, machinjio ya Busia si mahali pa viatu vyeupe. Leonida Nangila alikuwa amevaa viatu vyeupe, na gauni la samawati lililopigwa pasi vizuri, na mkononi amebeba sanduku la barafu. Wauza utumbo walimpisha huku wakimtazama. Wanunuzi wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wakigombania mapaja na mbavu, naye akasimama katikati yao akaulizia magoti.

"Magoti ya ng'ombe," akarudia alipoona hawamwelewi. "Yasifunguliwe, na yawe ya leo."

Msimamizi wa machinjio akamjia akichechemea. Alikuwa Mteso mrefu wa Tororo, gambuti miguuni, koti limelowa damu hadi viwikoni. Jina lake Egau.

"Nyabo, supu ya goti ambayo haijafunguliwa mimi sijaona," akasema. "Wewe unapika na nini, maombi?"

Leonida alijizuia kucheka, akamweleza. Alikuwa mtafiti katika maabara ndogo huko Tororo, na alichohitaji ni gegedu, ile tabaka nyeupe ya kuteleza inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Gegedu halina mishipa ya damu. Huishi kwa oksijeni kidogo sana. Kwa hiyo yeye hulihifadhi katika kabati lililopunguzwa oksijeni, likae kama lingali gotini, kisha hulitia dawa za ugonjwa wa viungo kusagika aone litaitikia vipi. Watafiti wengi, alisema, hujaribu dawa hizo kwenye hewa ya kawaida, mahali ambapo gegedu halijawahi kuishi tangu liumbwe.

Egau alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaligonga goti lake la kulia.

"Basi weka na hii yangu," akasema. "Hii imekufa zamani."

Hapo Leonida akacheka.

Goti lile lilimalizwa na mpira. Egau alicheza beki miaka mingi, akiruka na kuanguka kwenye viwanja vya changarawe, mpaka daktari akamwambia kiungo kimesagika. Leonida naye alikuwa na miaka thelathini na tisa, na shangazi zake kwao Kenya walikuwa wameshaacha kumuulizia mchumba. Simu zikaanza. Egau alimpigia alfajiri kumwambia magoti yake yameamka na yanamuulizia yuko wapi. Leonida alimjibu kwamba magoti hayana mdomo, anayeulizia ni mwenyewe. Jumapili walikula nyama choma Tororo, mwamba mkubwa wa mji ukiwa juu yao, Egau amevaa shati jeupe lisilo na hata tone la damu, ananukia sabuni. Alikuwa na sauti ya chini ambayo Leonida alikuja kugundua kwamba huisikia hata anapokuwa peke yake maabara.

Mama yake Leonida, Maximilla, hakupendezwa. Binti msomi, alisema, kachagua mchinjaji, tena wa ng'ambo, tena kiwete. Leonida akamjibu kwa adabu kwamba kwa umri wake haombi ruhusa. Anaomba baraka tu, na zikichelewa atazisubiri akiwa na Egau.

Kisha, Jumapili moja wakiwa mezani, Egau akaja na habari. Kliniki moja ya watu binafsi ilikuwa imeanza kumdunga dawa mpya gotini, dawa ambayo walimwambia ingeliotesha gegedu upya. Alieleza huku uso ukimng'aa, akasimama akacheza hatua mbili za muziki uliokuwa ukitoka dukani.

Leonida akaweka kijiko chini. Dawa ile aliijua. Ndiyo iliyokuwa kabatini kwake. Kwenye hewa ya kawaida gegedu lililotiwa dawa hiyo lilinawiri. Kwenye oksijeni kidogo liliendelea kulika vilevile, kana kwamba halikupewa kitu.

Hakumwambia. Alirudi maabara akaanza jaribio upya, kwa magoti ambayo Egau mwenyewe alimchagulia. Jibu likawa lile lile. Akarudia tena, na jibu halikubadilika.

Mkuu wake, Daktari Osire, alimtaka awaonyeshe madaktari waliokuwa wakikutana Tororo matokeo ya hewa ya kawaida peke yake. Watengenezaji wa dawa ndio waliofadhili mradi, akamkumbusha, na hiyo nusu nyingine ingeweza kungoja.

Siku ya mkutano alivaa kitenge cha njano, akapanda jukwaani akaonyesha nusu zote mbili. Alipima maneno yake. Alisema hajapima watu, amepima gegedu la ng'ombe. Lakini dawa iliyofaulu hewani haikufaulu katika hali inayofanana na ya gotini, na hakuna mgonjwa anayestahili kuahidiwa gegedu jipya kwa ushahidi wa namna hiyo. Osire akainuka akasema kabati lile ni bovu.

"Kabati ni zima," Leonida akasema. "Asiyeniamini na aje tulipime pamoja. Lakini sifuti hata mstari mmoja."

Ndipo akamwona Egau kwenye kiti cha nyuma kabisa, ndani ya suti ya rangi ya kahawa. Alikuwa amekuja kumshtukiza. Egau akashika mgongo wa kiti, akajiinua, akatoka polepole bila kugeuka.

Leonida alipompigia, hakushika simu hadi jioni ya kesho yake.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mimi nakuletea magoti kwa mkono yangu, na wewe unajua. Mimi pia ni ng'ombe yako?"

Akakata.

Wiki ile ile Osire alimnyang'anya Leonida funguo za maabara. Hakulia mbele yake. Alikunja koti lake jeupe, akasafiri hadi Busia, akaingia machinjioni mikono mitupu. Egau alikuwa akinoa kisu. Hakuacha.

"Nilirudia jaribio lile kwa sababu nilitamani niwe nimekosea," Leonida akamwambia. "Kwa ajili yako. Jibu lilipokataa kubadilika, niliogopa kukunyang'anya furaha yako. Hapo nilikukosea, na sijitetei. Ila niliyosema ukumbini siyaombei msamaha, kwako wala kwa mtu yeyote."

Egau akaweka kisu chini.

"Maumivu ilirudi kabla ya mkutano," akasema. "Nilikuficha. Ile siku ya kucheza nilikuwa nauma meno." Akamtazama. "Lakini goti ni yangu, Leonida. Ukweli yake mimi nataka kusikia wa kwanza. Usinichagulie."

"Sitakuchagulia tena."

"Na kazi?"

Akamwambia kazi imekwisha, lakini madaktari wawili waliokuwepo ukumbini walikuwa wamempigia, wanataka kurudia jaribio lake katika kabati lao wenyewe. Angewapa kila kitu. Na Osire, wangekutana huko mbele matokeo yakishatoka.

Egau akacheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba. Akanawa mikono, akamshika vidole mbele ya wachinjaji wote. Mmoja wao akaelewa kinachokuja, akamwambia apige goti kama wanaume wa siku hizi.

"Goti sipigi," Egau akajibu bila kumtazama. "Nikishuka hapa, winchi ya ng'ombe ndiyo itaniinua." Kisha akamgeukia Leonida, na sauti ikashuka. "Nakuuliza nikisimama. Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa nawe," Leonida akasema.

Hapo hapo akatoa simu, akampigia mama yake, akamwambia anaolewa. Maximilla akauliza kama ni yule anayechechemea.

"Ndiye huyo huyo, Mama."

Egau akanyoosha mkono, akaipokea simu. "Mulembe, mama," akamsalimu, kwa Kiluhya cha kwao Leonida alichokuwa akijifunza kimyakimya.

Upande wa pili redio ikazimwa. Kisha Maximilla akaitikia salamu.