Ngano ya Jalalani

Kila siku shule ikifungwa, wasichana wa mtaa wa Badjanani walikwenda nyumbani kula, kisha chuoni kusoma Kurani. Djaouharia peke yake alijifunga puani ncha ya shiromani, ile nguo yake ya kujitanda, akashika njia ya ufukweni kwenda kuchakura jalala. Naam, jalala! Na wala halikuwa jalala la watu wa mtaani, lenye maganda ya ndizi na vichwa vya samaki. Hili lilikuwa la mamluki, wale askari Wazungu wa kukodiwa waliotamba mjini Moroni miaka ile. Chupa za pombe, makopo yenye picha ya nguruwe, mabaki ya nyama yaliyochacha yakijaa funza. Ptuu! Hata mbwa walichagua pa kukanyaga.

Kilichompeleka huko ni maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye makopo na chupa zile. Mwalimu Mroudjae, aliyelelewa Unguja na kurudi na Kiingereza chake, aliwapa kazi ya wiki mbili: wakusanye maneno ya Kiingereza yenye herufi e, a na t zikifuatana, na waandike maana ya kila moja. "Eat", kula. "Seat", kiti. "Heat", joto. Mshindi angepewa kamusi ya mwalimu mwenyewe.

Djaouharia aliitaka kamusi ile kufa na kupona. Alikuwa na miezi mitatu tu tangu atoke Mutsamudu kuja kusoma kwa bibi yake, na kila akifungua mdomo wenzake waliiga matamshi yake ya kisiwa cha Ndzuani, wakacheka. Tadjidine ndiye aliyezidi.

"We mgeni, umefikisha mangapi?"

"Kumi na moja."

"Basi? Mimi kumi na nne! Rudi kwenu ukauze samaki Mirontsy!"

Siku ya Jumatano, chini ya magunia yaliyooza, Djaouharia alikuta ndoo ya bati iliyofunikwa. Ndani mlikuwa na ngano. Ubavuni paliandikwa "TREATED SEED WHEAT". Akaruka kwa furaha, maneno mawili kwa mpigo! "Wheat" alilijua, ni ngano. "Treated" hakulijua hata kidogo. Akaandika daftarini: "safi". Kwani nani angemuuliza? Wala haikuwa mara yake ya kwanza. Kila alipokwama, alijitungia maana akasonga mbele.

Ndoo akaibeba hadi nyumbani. Bibi yake, aliyemwita Koko kama watoto wote wa visiwa vile, akatia mkono ndani.

"Mbona punje zake nyekundu? Umeitoa wapi, mwanangu?"

Djaouharia alijua kuwa akisema kweli, Koko angemsugua kwa mchanga kama sufuria. Bibi yule hakutaka hata kijiti cha kiberiti cha mamluki kivuke kizingiti chake.

"Mwalimu kanituza, Koko. Kwa bidii yangu."

"Mashallah! Aliyemtuza mtoto wangu hashukuriwi kwa mdomo mtupu. Ijumaa baada ya sala, aje ale bokoboko."

Lo! Djaouharia hakuwa ametarajia hilo. Lakini uongo ulishatoka, na kesho yake akaupeleka mwaliko shuleni.

Ijumaa asubuhi Koko aliosha ngano maji manne mpaka wekundu ukatoka, akaichemsha na nyama, akaisonga hadi mkono ukamuuma. Mchana mwalimu akakaa mkekani, sahani ya bokoboko mbele yake inafuka moshi.

"Karibu, mwalimu. Ngano ni yako, leo imekurudia."

"Yangu?" Mwalimu akashangaa.

Wakati huo Djaouharia alikuwa uani akichukua birika la kumnawishia mgeni. Pale Koko alipooshea ngano, kuku wawili walikuwa wamedonoa punje zilizomwagika. Mmoja alilala miguu juu, povu la kijani mdomoni, nzi wamemjaa. Wa pili alizunguka akijigonga ukutani. Kinyaa kilimshika, na hakikuwa kwa sababu ya kuku peke yao. Alijichukia nafsi yake. Akalitupa birika, akakimbilia ndani.

"Msile! Kuku wanakufa! Ngano hii nimeiokota jalalani kwa mamluki!"

Koko akashika mdomo. "Jalalani? Kwa wala nguruwe? Na mimi nimeshaonja chumvi!"

Akatoka mbio uani, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu akaiomba ndoo, akasoma maandishi, uso ukambadilika.

"Hii ni mbegu ya kupanda, imetiwa sumu ya wadudu! Twende hospitali, haraka!"

Siku mbili Koko alijikunja kitandani hospitalini kwa maumivu ya tumbo, Djaouharia kando yake akishika beseni la matapishi. Alinawa kwa sabuni tena na tena, harufu ya jalala haikumtoka. Mwalimu, aliyekwisha kuifukia bokoboko pamoja na sufuria yake, akalifungua daftari la Djaouharia.

"'Treated', safi. Nani kakwambia?"

"Nilibuni, mwalimu."

"Na mengine?"

"Matano."

Mwalimu hakugomba. Alimrudishia daftari, na hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Jumatatu Djaouharia alisimama mbele ya darasa akasema yote, jalala, uongo na kuku. Maana sita alizotunga alikuwa amezifuta, akaandika "sijui" kila mahali. Kamusi ilikwenda kwa Tadjidine. Safari hii hakucheka. Baada ya darasa alimwita. "Njoo tuyatafute hayo sita."

Jioni Djaouharia alimsomea Koko maana zote, moja baada ya nyingine. Koko alikuwa bado mnyonge, akinywa uji kidogo kidogo.

"Na kama ungeandika 'sijui' tangu mwanzo?"

"Ningeshindwa, Koko. Wangenicheka."

"Wangekucheka, kisha ungemuuliza mwalimu, naye angekwambia ni sumu. Mjukuu wangu, mimi nimezika watu wengi katika umri huu. 'Sijui' haijaua hata mmoja wao."