Gololi Kumi Ndani ya Karai

Kila asubuhi, mama akimaliza kukaanga maandazi, Semeni huliosha karai kwa majivu. Leo alilibeba hadi shuleni Makorora. Saa nne angekuja Mwalimu Yasini kuchagua kundi litakalokwenda kwenye maonyesho ya sayansi Pongwe, na daftari la Semeni lilikuwa na uongo.

Mwalimu wao, Anastazia, alikuwa amewaeleza juu ya mashine kubwa inayokimbiza chembe ndogo mno kwenye mduara. Mawimbi ya redio huzisukuma kila zinapopita. Msukumo ukichaguliwa vibaya, chembe hutawanyika. Semeni na rafiki yake Loveness walilionyesha jambo hilo kwa gololi kumi ndani ya karai. Loveness alipiga makofi kushika wakati, Semeni akatikisa. Kwa msukumo mdogo, gololi zilizunguka mara nne zikalala. Kwa msukumo wa kati, mara kumi na saba. Kwa mkubwa, mara sita tu, zikaruka nje. Kwa aibu, Semeni akaandika "ishirini" kila mahali.

"Shosti, tukiulizwa mimi simo," Loveness alinong'ona.

"Si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana na kalamu yako!"

Mwalimu Yasini akaingia, wakamwamkia, naye akafungua daftari.

"Zote ishirini? Basi nikijenga mashine hiyo, nichague msukumo upi?"

Semeni akalitazama daftari. Namba zote zilikuwa sawa. Hapakuwa na cha kuchagua. Ee Mungu, nipe ulimi, aliomba kimoyomoyo.

"Mwalimu, nimedanganya. Kwa nguvu nyingi gololi zilimwagika. Niliona tumeshindwa." Akatoa mfukoni karatasi ya namba za kweli.

Mwalimu Yasini akaisoma. "Haya, tikisa kwa nguvu."

Gololi zikaruka, moja ikatumbukia kiatuni mwa Mwalimu Yasini. Darasa likaangua kicheko.

"Sasa kwa kiasi."

Zikazunguka, zikazunguka. "Kumi na sita, kumi na saba!" Loveness alihesabu kwa sauti, kana kwamba hakuwahi kusema hayumo.

"Pongwe mtakwenda," alisema Mwalimu Yasini, akikung'uta kiatu, "lakini mtabandika karatasi hii. Hizi zilizomwagika ndizo zimeniambia msukumo gani niuache."

Mwalimu Anastazia akamshika Semeni bega. "Mwanangu, ulificha jibu ukidhani unaficha kosa. Andika ulichokiona, siyo ulichotamani kukiona."