Disketi ya Ditram

Mchana ule wa mwaka tisini na tisa stendi ya Mikumi ilijaa abiria wa Iringa na moshi wa mahindi ya kuchoma. Gaudiosa, ndani ya gauni la kitenge cha kijani, alimwona kijana amekumbatia mzigo uliofungwa blanketi, utadhani kabeba mgonjwa.

"Dada, nishikie nikate tiketi ya Kilosa."

"Umeiba televisheni ya nani?"

"Kompyuta hiyo. Ukiiangusha, itabidi nikuoe."

"Basi ngoja niishike vizuri."

Kumbe kompyuta ilikuwa inakwenda Kilosa, kwenye ofisi ya kuchapa barua alikofanya kazi Gaudiosa. Kijana yule, Ditram, alikuwa fundi; alibaki wiki tatu kumfundisha. Wiki ya pili alishaacha kumwita dada, akawa anamwita mpenzi.

Kisha akaitwa kazini Mbeya. Asubuhi ya kuondoka alimpa disketi nyeusi.

"Humu mna picha na sauti yangu. Nimevibana mpaka vikaenea. Ukibonyeza mara mbili vinafunguka vyenyewe. Usimwite mtu. Jumatatu nitapiga simu unipe jibu."

"Si useme sasa hivi?"

"Naona haya, mpenzi."

Gaudiosa alibonyeza. Kioo kikatoa maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa, basi. Akarudia mpaka kidole kikachoka. Amenichezea, akawaza, kaniachia kitu kitupu anicheke.

Jumatatu simu ya ofisi ikalia.

"Umefungua?"

Aliona aibu kumwambia mwalimu wake kwamba ameshindwa. "Nimefungua."

"Unasemaje?"

"Niseme nini? Hamna kitu mle."

"Haya, dada Gaudiosa. Nimekuelewa."

Hakupiga tena. Gaudiosa naye alisubiri, kila simu ikilia anafuta mikono kwenye gauni kabla ya kupokea.

Miaka miwili ikapita. Siku moja fundi mwingine, Wenceslaus, alikuja kutengeneza mashine, akaiokota disketi kwenye droo ya meza.

"Hii nzima, dada. Ila vitu vilivyobanwa vikifunguka vinataka nafasi. Ulivifungulia humohumo kwenye disketi, vikakosa pa kukaa. Tuvihamishie kwenye mashine kwanza."

Vikafunguka. Kwanza picha: Ditram, shati jeupe, mbele ya nyumba ya tofali isiyo na bati. Halafu sauti, yenye mikwaruzo.

"Gaudiosa, nyumba yetu hiyo. Ukikubali, naezeka kabla ya mvua, nije kwa baba yako."

Wenceslaus alitoka nje bila kuambiwa.

Gaudiosa alitafuta namba ya Mbeya kwenye daftari la ofisi, akapiga.

"Ditram, mimi Gaudiosa. Nyumba uliezeka?"

"Niliezeka." Sauti yake ilishuka. "Mwaka jana."

Nyuma yake mwanamke akaita, "Baba Yohana, chakula kinapoa!"

Gaudiosa alishika mkonga wa simu kwa mikono miwili, kama alivyoshika ule mzigo stendi.

"Nilikuwa sijafungua," akasema. "Nimefungua leo. Mle mlikuwa na kitu, Ditram."