Jiwe la Nkwabi

Mchwa walifunguliwa saa tatu asubuhi, na hadi adhuhuri walikuwa wamekwisha kula nusu ya maegesho ya Soko la Zamani.

Hawakuwa mchwa wa udongoni. Walikuwa mashine, kila moja kubwa kama punje ya haragwe, na watu wa Mwanza waliziita mchwa-chuma. Walitoka kwenye mapipa kwa mamilioni, wakatanda juu ya lami kama maziwa yanayofurika kutoka sufuriani, na walipopita hapakusalia lami, wala mistari myeupe, wala madoa ya oili. Walitafuna, wakatema, wakakandika. Nyuma yao nyumba iliota. Iliota kweli: ukuta mweusi wenye joto, ukipanda kiganja kimoja kila saa, una matundu ya kupumulia kama kichuguu. Ukiweka sikio ukutani ulisikia sauti kama ya mtu anayetafuna karanga chumba cha pili.

Miaka hiyo hakuna aliyekuwa na gari lake. Yalikuwepo magari ya kuitwa: unanyoosha mkono, linakuja, linakufikisha, kisha linakwenda kulala chini ya ardhi nje ya mji. Basi katikati ya jiji yalibaki maegesho kumi na tisa, mapana, yanaota jua kutwa bila kazi, huku watu hawana pa kulala. Ikaamuliwa kila maegesho yawe kichuguu cha watu.

Mhandisi Minza Lugembe ndiye aliyeifundisha nyumba ya Soko la Zamani kuhesabu watu wake. Maana kichuguu hakijengwi kwanza, watu wakaingia baadaye. Kila chumba huota kwa kipimo cha mtu wake: urefu wake, anavyotembea, anavyopumua. Kwa hiyo, kabla mchwa hawajafunguliwa, watu walitakiwa kupanga foleni hapo hapo juu ya lami siku arobaini, huku Jicho likiwatazama. Jicho lilikuwa kioo kikubwa juu ya mlingoti, nalo ndilo lililokuwa akili ya nyumba.

Siku arobaini! Nani ana siku arobaini za kusimama? Watu wakafanya kama walivyozoea kufanya bombani. Mtu anaweka jiwe mahali pake, anakwenda kwenye shughuli zake, na wa nyuma yake anajua: hapa pana mtu.

Siku ya kwanza Jicho liliyaona mawe likadhani ni takataka. Likatuma mashine ya kufagia.

"We bati!" mama mmoja akapiga kelele. "Huyo unayemsukuma ni mume wangu!"

"Na kweli wamefanana," mwingine akajibu huko nyuma. "Hata kuongea kwake ndiyo hivyo hivyo."

Watu walicheka, lakini mawe yalikuwa yanafagiliwa na ngumi zilikuwa karibu. Minza naye alikulia kwenye foleni za maji kule Igoma, akaona hili ni jambo dogo. Akakaa chini, akaliandikia Jicho kanuni mbili. Ya kwanza: jiwe lililowekwa kwenye mstari na kusemewa jina, lihesabiwe kuwa ni mtu; mwenyewe akifika, jiwe liondolewe. Ya pili: aliyesemewa asifutwe ila na yule aliyemsemea, kwa kinywa chake mwenyewe. Hiyo ya pili aliiweka kwa ajili ya wajanja, wasije wakafuta mawe ya wenzao.

Watu walimpigia makofi. Alirudi nyumbani amefurahi.

Miaka mitatu ikapita. Kichuguu kilikuwa na ghorofa kumi na nane pale mkuu wa kazi wa Minza, Bwana Shija, alipomwita.

"Pale Soko la Zamani kuna vyumba arobaini milango yake haifunguki," alisema. "Nyumba inasema vina watu. Majirani wanasema wanasikia watu. Lakini hakuna aliyewahi kuwaona wakitoka."

"Wanasikia nini?"

"Nenda ukasikilize, dada. Kanuni ni zako."

Minza akaenda. Alivifungua vyumba hivyo kwa ufunguo wa mhandisi, kimoja baada ya kingine, wiki nzima, na katika kila kimoja alikuta taa inawaka, maji ya kuoga yana moto, na jiwe kitandani. Wenye mawe walikuwa wamehama, au wamekufa, au walisemewa na ndugu waliotaka nafasi ya ziada. Nyumba haikujali. Iliambiwa jiwe ni mtu, ikalitunza kama mtu, na kwa kuwa watu hutembea, ikawa inatoa sauti ya hatua sakafuni.

Kanuni asingeweza kuzitoa tena. Zilikwisha kukolea ndani ya kuta kama chumvi kwenye mchuzi. Ikabidi awatafute walioweka mawe, mmoja mmoja, waje waseme kwa kinywa chao: hayupo. Walikuja. Wengine kwa aibu, mmoja anacheka. Kila neno hilo liliposemwa, hatua zilinyamaza, na chumba kikapewa mtu aliyekuwa akingoja.

Kikabaki kimoja, namba mia tatu na kumi na mbili. Na nje alibaki anayengoja mmoja, mwanamke aitwaye Holo, pamoja na bintiye Limi wa miaka mitano. Walikuwa wameketi mbele ya mlango mkubwa, juu ya kipande cha lami chenye upana wa jamvi. Siku ya pili yake mchwa walikuwa waje kukimalizia.

"Habari za hapa, mama Limi?" Minza alimsalimu.

"Za hapa ndizo hizi unazoziona, mwenzangu."

Siku za kuhesabiwa, Holo alikuwa hospitali na mtoto. Tangu hapo alihamahama kwa ndugu hadi ndugu wakachoka, na sasa ilikuwa miezi miwili yuko pale.

"Umeiomba nyumba ikufungulie?"

"Hainisikii. Na si nyumba tu. Juzi mtoto alishikwa na homa, nikanyoosha mkono kuita gari mpaka ukafa ganzi. Yamepita saba. Hata mwendo hayakupunguza. Nikambeba mgongoni hadi zahanati, mlango wake nao kimya. Akaja mtu mwingine, ukamfungukia, nikapenya nyuma yake kama mwizi." Alimvuta mtoto karibu. "Siku hizi kabla ya kulala namuuliza huyu, 'Limi, unaniona?' Ananiambia, 'Nakuona, mama.' Basi ndiyo nalala."

Minza alichuchumaa karibu yao.

"Mnakula nini?"

"Mama wa mia tatu na kumi na moja anatuletea. Uji asubuhi, ugali mchana, hajakosa hata siku moja. Ndiye aliyenionyesha pa kukaa. Alisema nikae hapa hapa, nisisogee."

Mama huyo alijulikana kama Mama Nkwabi. Minza alimkuta juu, siyo chumbani kwake bali katika kile cha jirani, mia tatu na kumi na mbili. Kwake yeye tu mlango ule ulikuwa ukifunguka wenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Ila vua viatu, hapendi vumbi."

Kitanda kilikuwa kirefu, cha mtu mrefu. Juu ya mto palikuwa na jiwe la kijivu, kubwa kama boga, limefunikwa shuka hadi nusu. Minza hajafungua kinywa, ukuta ukakohoa. Kikohozi cha mwanamume, mara mbili, kisha kusafisha koo.

"Ndivyo anavyoamka," alisema Mama Nkwabi. "Analala sana mchana, tangu utotoni."

"Nkwabi yuko wapi, mama?"

"Alikwenda kazi za angani, kule wanakounga vyombo. Mwaka wa tisa sasa. Ujumbe ulikuja mara mbili, halafu basi. Niliuliza, wakaniambia wanafuatilia." Alilinyoosha shuka. "Nilipoweka jiwe lake, nyumba ilinihoji. Mrefu kiasi gani, anakohoaje, anapenda nini, anaogopa nini. Siku tatu inaniuliza. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za mwanangu siku tatu."

"Mama, unajua kwamba ha..."

"Usilitamke humu!"

Minza akaliacha neno hilo. Kisha, kwa kuwa lile suala la magari saba lilikuwa linamsumbua, aligeukia ukuta.

"Nyumba, pale nje mlangoni kuna watu wangapi?"

"Hakuna mtu," nyumba ilijibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

"Na yule mwanamke aliyeketi?"

"Hilo ni jiwe."

"La nani?"

"La Nkwabi wa mia tatu na kumi na mbili. Limewekwa kwenye alama yake, siku sitini na moja, halisogei. Mama yake ndiye aliyeliweka, na analitunza asubuhi na mchana. Nimeyaarifu magari na milango ya jiji kwamba ni jiwe. Lakini mwenyewe yumo ndani, jiwe halina kazi tena. Kesho mchwa wataliondoa."

"Na mtoto?"

"Hiyo ni kokoto."

Mchwa-chuma hawali mtu. Wakikuta mtu husimama, hata kama amelala. Lakini jiwe wanakula.

Mama Nkwabi alishika ukingo wa kitanda. "Nilimkalisha pale lilipokuwa jiwe langu," alisema taratibu. "Nilidhani pana bahati."

"Tunaweza kuwatoa pale leo hii," Minza alisema. "Lakini popote watakapokwenda, jiji litawaona mawe. Hakuna gari litakalosimama. Hakuna hospitali. Siku moja watapitiwa na mashine nyingine."

"Na nikilisema hilo neno?"

Minza alifikiri, na alipofika mwisho wa fikra akatamani asingefika. "Chumba kitakuwa wazi. Lakini Holo atakuwa jiwe la mtu ambaye hayuko. Hata mwenyewe wa kufika ili jiwe liondolewe hatakuwepo."

Ukuta ulikohoa tena.

"Wewe si ndiye uliyeandika?" mama aliuliza. "Mwenye jiwe akifika inakuwaje?"

"Jiwe linaondolewa, yeye anaingia."

Mama Nkwabi aliinama, akalibeba jiwe la kijivu kwa mikono miwili, kama anavyobebwa mtoto aliyetoka kuoga. Alishuka nalo ngazi zote, Minza nyuma yake. Nje aliliweka juu ya lami, kando ya Holo, akamshika Holo mkono na kumwinua.

"Mwanangu, humo ndani utaitwa Nkwabi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Utaweza?"

"Niite hata Sufuria," Holo alisema. "Mtoto wangu alale ndani."

Mama akaelekeza uso wake kwenye mlango, akapaza sauti. "Ulikosea! Lililokuwa kitandani ndilo jiwe, na hili hapa nimelitoa. Huyu ndiye mwenyewe. Nkwabi amefika."

Jicho lilimtazama Holo juu hadi chini.

"Amebadilika," nyumba ilisema.

"Safari ndefu humbadilisha mtu."

"Ana kitu mkononi."

"Mtoto wake."

Mlango ulifunguka. "Karibu, Nkwabi," nyumba ilisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili gari lililokuwa likipita barabarani lilipunguza mwendo Holo na bintiye walipokuwa wakivuka kizingiti.

Asubuhi iliyofuata mchwa walikula lami ya mwisho na jiwe la kijivu pamoja. Mama Nkwabi alitazama kutoka dirishani mpaka wakamaliza.

Minza hakulala vizuri miezi ile. Alikwenda kwa Bwana Shija mara nyingi hadi akapewa ruhusa: chumba kile kitabomolewa na kuoteshwa upya, kwa sharti moja tu. Holo asimame ndani yake aseme jina lake, Jicho likimtazama. Mwezi wa tano tangu Holo aingie, Minza alikwenda na habari hiyo, amekaza mwendo.

Mama Nkwabi alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele, amenenepa kidogo, uso umenawiri. "Baba," aliita, kama akina mama wanavyowaita watoto wao wa kiume, "una mgeni."

"Naam, mama," Holo aliitikia, akatoka jikoni.

Alitembea kwa hatua ndefu. Minza alitazama sakafu na akaelewa: Holo alipofupisha hatua, sakafu iliinuka kidogo na kumsukuma mbele. Rafu zote zilikuwa juu, za mtu mrefu, naye alikuwa amezoea kunyoosha shingo. Na alipotaka kusema, alikohoa kwanza, mara mbili, akasafisha koo.

"Nimepata njia," Minza alimwambia haraka. "Sema jina lako tu. Useme jina lako, watabomoa, utapata chumba chako mwenyewe."

Holo alifungua kinywa. Hapo hapo sauti ya kutafuna ndani ya kuta, ambayo watu walikuwa wamekwisha kuisahau, ilisimama. Matundu ya hewa yakajifumba. Taa ilififia juu ya kitanda ambapo Limi alikuwa akicheza na vifuniko vya chupa. Mama Nkwabi hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

Holo alimtazama mwanawe. Alifumba kinywa, na hewa ikarudi.

"Holo!" Minza aliita.

"Holo hayupo," nyumba ilijibu kwa upole.

Holo alitabasamu kidogo, kama mtu anayeambiwa habari za jirani aliyehama zamani, akaenda kumsaidia mama kupepeta.

Minza alipiga magoti mbele ya mtoto. "Limi, mwanangu, unanikumbuka? Hebu niambie, yule pale ni nani wako?" alisema, akimwonyesha Holo kwa kidole.

Limi alitazama ukuta kwanza. Kisha akasema, "Baba."