Sauti Aliyoitambua Maman Colette

Jumapili moja ya mwaka 1957, ukumbi wa sinema wa mtaa wa Kadutu ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mtu kwenye filamu alipoanguka kutoka juu ya farasi akipiga yowe refu, Séraphine, mshonaji aliyevaa kikwembe kipya cha manjano, alimshika mkono kijana wa pembeni bila kumtazama.

"Usiogope," kijana alinong'ona. "Juzi uyu mutu alikuliwa na mamba. Yowe iko ileile. Wazungu waliiweka kwa bande ya sauti, kila mwenye anaanguka wanamupatia."

"Unajua je?"

"Niko opérateur, mwenye anaendesha mashine ya sinema. Leo iko zamu ya mwenzangu. Jina yangu Aloys. Sasa unaweza kuachilia mukono, ao ubakie nayo."

Alibaki nao. Miezi ikapita wakitembea jioni hadi Ibanda kutazama ziwa, Aloys akimwita chérie, mpenzi wake.

Kisha Séraphine akamleta mama yake sinema. Maman Colette hakuwa na habari za mwanawe Gaston tangu aende machimbo ya dhahabu kule Mwenga. Yowe lile lilipotoka kwenye filamu, mama alisimama.

"Ni Gaston."

Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mashine ya Aloys inameza sauti za waliopotea. Usiku mmoja jiwe likavunja dirisha la Aloys.

"Maman, ile yowe iko ya zamani," Aloys alimwambia mama nyumbani kwake. "Wakati waliiweka, Gaston alikuwa angali mutoto."

Séraphine alimfuata Aloys nje. "Unamunyanganya kitu moja yenye alibakia nayo. Usirudi hapa."

Aloys akapanda lori la kwenda Mwenga kutafuta habari za Gaston. Aliporudi, mvua zilikuwa zimekwisha, naye amekonda. Aliketi karibu na mlango wa Maman Colette.

"Mulima ilibomoka, Maman. Gaston na wenzake walikuwa wanaimba. Hawakusikia kitu."

Maman Colette alifungua kitambaa cha kichwani, akaomboleza. Majirani wakaingia kumshika, hata wale wa jiwe.

Nje, Séraphine alimuuliza Aloys polepole, "Walikuwa wanaimba kweli?"

Aloys alitazama chini. "Walisikika wanaita mu shimo. Muzungu wa pale alikataza kufukua. Kisha wakanyamaza."

Séraphine alivuta mlango, ukafungwa.

"Asijue hata siku moja," alisema. "Na mimi siwezi kubeba ile peke yangu. Kilio ikiisha, tuma wazee wako kwetu."