Ujumbe Uliokwenda Namba Nyingine

Jumatano ya tarehe 30 Oktoba, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, binti mmoja aliingia kituo cha polisi Kahama akiwa amebeba godoro lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani. Sajenti Agnetha wa upelelezi alidhani amefukuzwa na mume. Binti aliliegemeza godoro ukutani, akasema:

"Shikamoo, afande. Nimeibiwa chuo."

"Marahaba. Umeibiwa nini huko chuoni?"

"Si chuoni, afande. Chuo chenyewe."

Nyuma yake alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, kanga kiunoni, mikono imejaa makovu madogo ya mafuta ya kukaangia. Alijitambulisha kuwa ni Ritha, dada yake. Binti mwenyewe aliitwa Asteria Mihayo, umri wake miaka ishirini. Agnetha akawapa viti, akafungua faili jipya.

Asteria alimaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza, pointi tano, masomo ya sayansi. Mwezi wa Julai alikwenda kwa Onesmo, mwenye ofisi ya kompyuta pale Nyasubi. Kwao Mwakitolyo, kwenye machimbo, mtandao ulishika ukipanda juu ya kifusi tu, na kila mtu alimwambia kuwa fomu za chuo ukikosea herufi moja umekwisha. Akamlipa Onesmo elfu arobaini amjazie maombi ya vyuo vitatu: udaktari Mwanza, ufamasia Dodoma, na ualimu kwenye tawi dogo la chuo lililofunguliwa Masumbwe. Hicho cha tatu ni Onesmo aliyekiongeza, asije akakosa vyote.

"Vyote vitatu vikanichagua," Asteria alisema. "Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, unatumiwa ujumbe wenye namba ya siri kwenye simu, ndipo uthibitishe unakokwenda. Mimi ujumbe haukuja. Nikamfuata Onesmo, akaniambia nisihangaike, ameshanithibitishia Mwanza. Juzi nimefika Mwanza na godoro langu. Dada wa dirishani akaangalia kompyuta, akasema, wewe ulishathibitisha chuo kingine tangu Septemba, nafasi yako amepewa mtu."

"Chuo kipi?"

"Nilimuuliza. Akasema haoni, anaona tu kwamba si kwao. Foleni ilikuwa ndefu, afande. Wakanisogeza pembeni."

Hapo akaanza kulia, akamwegemea dada yake. Ritha akamshika bega, akamfuta machozi. "Mimi nilimwambia tusije, afande. Mambo ya mitandao utamshika nani? Masumbwe si mbali, Ijumaa akipanda gari jioni yuko nyumbani. Ualimu nao ni kazi."

Agnetha aliandika na hayo. Alikuwa na mazoea ya kuandika kila lisemwalo mbele yake.

Walipoondoka alibaki akilitazama faili. Mwaka juzi yeye mwenyewe alimlipa mtu amjazie mwanawe maombi ya chuo. Alitoa pesa akashukuru, wala hakuuliza nani ameshika nenosiri. Mwanawe alipata. Hakuwahi kufikiri kwamba ingeweza kuwa vinginevyo.

Saa sita mchana alikuwa ofisini kwa Onesmo. Ilikuwa fremu moja yenye kompyuta tatu, mashine ya kutoa kopi, na bango lililoandikwa kwa mkono: TUNAOMBA VYUO, MIKOPO, AJIRA. Onesmo alikuwa kijana mwenye shati safi na maneno mengi.

"Afande, mimi wateja wangu mwaka huu ni mia mbili na kumi. Nitamkumbuka yupi?"

"Huyu analikumbuka jina lako. Manenosiri yao unayaweka wapi?"

Onesmo akasita, kisha akatoa daftari kubwa chini ya meza. Kila mwombaji alikuwa na mstari wake: jina, namba ya mtihani, simu, nenosiri. Mstari wa Asteria ulikuwa na namba yake mwenyewe ya simu, inayoishia 417.

"Daftari hili linakaa hapa mezani mchana kutwa?"

"Linakaa. Mtu yeyote anaweza kulifunua."

"Wewe ndiye uliyemwambia umethibitisha Mwanza."

"Nilimwambia ili atulie. Wanasumbua, afande. Wanapiga simu hata ukiwa unakula." Alicheka peke yake.

Agnetha hakumkamata. Alilichukua daftari, akawaandikia barua wanaosimamia mfumo wa maombi. Jibu likaja Jumatatu asubuhi, tarehe 4 Novemba.

Lilieleza hivi. Tarehe 29 Agosti, saa nne na dakika thelathini na mbili asubuhi, namba ya simu ya Asteria ilibadilishwa ikawekwa nyingine inayoishia 882. Kompyuta iliyotumika ilikuwa ya ofisi ya Onesmo. Tarehe 3 Septemba namba ya siri ikatumwa kwa 882. Tarehe 5, saa saba na dakika ishirini mchana, mwenye 882 akathibitisha chuo cha Masumbwe.

Aliipeleka namba hiyo kampuni ya simu, na barua waliyomjibu saa hiyohiyo ilimfanya Agnetha avue miwani. Laini ya 882 ilisajiliwa tarehe hiyohiyo 29 Agosti, saa tatu na dakika hamsini asubuhi, duka la Liaquat, Nyasubi. Ilitumika Mwakitolyo tu, na tangu tarehe 6 Septemba haikuwashwa tena. Mwenye laini: Mihayo Magesa. Baba mzazi.

Alimpigia Asteria simu. "Tarehe 29 Agosti ulikuwa wapi?"

"Mwakitolyo, afande. Naikumbuka kwa sababu baba alikuwa na kliniki Kahama, mimi nikabaki namshikia dada mgahawa kutwa nzima. Niliunguza wali, wachimbaji wakanitukana."

"Baba yako alitaka usome udaktari?"

"Baba hasemi sana. Mwezi wa saba walikuja watu kutoka upande wa Bukombe kuniposa, wana ng'ombe wengi. Baba aliwaambia tutaona. Hakuwaambia hapana."

Duka la Liaquat lilitazamana na ofisi ya Onesmo, hatua ishirini kuvuka barabara. Mzee Liaquat, aliyezaliwa hapohapo Nyasubi na kuongea Kisukuma vizuri kuliko wateja wake wengi, alimkumbuka Mihayo bila kuoneshwa picha.

"Yule wa kifua? Alikuwa anakohoa, nikampa kiti na maji. Mashine ikakataa vidole vyake mara nne. Vimelika, mama. Wachimbaji wa zamani wengi hawana alama tena. Cha tano, kidole kidogo, ndicho kikakubali."

"Alikuja na nani?"

"Alhamisi watu wanajaa hapa, sikuangalia. Ila laini hakuichukua yeye. Aliulizia choo, mtu mwingine akaipokea pale mlangoni. Mwanangu ndiye aliyempa."

"Mzee mwenyewe alisema laini ya nini?"

"Alisema ya kliniki. Wamwite kwa simu tarehe zake zikifika."

Agnetha akavuka barabara. Safari hii alimkalisha Onesmo upande wa wateja wa meza yake mwenyewe.

"Tarehe 29 Agosti, saa nne na nusu, ulibadilisha namba ya Asteria. Usiniambie daftari lilikuwa mezani."

Onesmo alijipangusa uso. "Nililetewa namba, afande, imeandikwa kwenye karatasi. Nikaambiwa ni jambo la familia."

"Ukalipwa?"

"Elfu sitini."

"Yeye alikulipa arobaini aende Mwanza. Mwingine akakulipa sitini asiende. Nani?"

"Familia yake. Nikisema jina nitakutana nao mahakamani, bora nimtafute wakili kwanza." Akapandishwa gari la polisi bila kulitaja jina hilo.

Kesho yake, Jumanne, Agnetha alifika Mwakitolyo saa tano na robo asubuhi, Koplo Selestine akiendesha. Karasha zilikuwa zinasaga mawe na vumbi jeupe limefunika mabati. Mgahawa wa Ritha ulikuwa mabanzi na turubai, mabenchi sita, na chumba kimoja nyuma. Humo alikuwa amelala Mihayo, ameegemezwa mito mitatu kwa sababu hakuweza kupumua akilala chali. Miaka kumi na sita ya kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ilikuwa imebaki kifuani mwake.

"Mwangaluka, baba," Agnetha alisalimia.

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu." Kila neno lilikuja na pumzi yake.

Asteria alikuwepo, amekaa miguuni pa kitanda. Ritha alisimama mlangoni na mwiko mkononi, jicho moja kwenye masufuria. Agnetha akasoma barua ya kampuni ya simu kwa sauti, mpaka kwenye jina la mwenye laini.

Asteria akasimama. "Baba?"

Mzee alimtazama Agnetha, akatazama mlangoni, kisha akashusha macho kwenye vidole vyake.

"Ni mimi," alisema. "Sikutaka aende mbali. Nifungeni mimi."

"Baba, ni wale watu wa ng'ombe?" Asteria aliuliza.

"Ni mimi. Basi."

Agnetha alivuta kigoda akaketi. "Sawa, mzee. Ili niandike vizuri, nieleze. Ulimthibitishia chuo gani?"

"Hicho... cha Dodoma."

"Dodoma ni mbali kuliko Mwanza, mzee. Umesema hukutaka aende mbali."

Mihayo akafumba macho. Kikohozi kikamshika. Ritha aliacha mwiko, akaja akamwinua, akampigapiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, kama mtu aliyefanya hivyo mara elfu. Agnetha alisubiri mpaka kikapita.

"Chuo kilichothibitishwa mimi nimekijua jana," alisema. "Asteria hakijui mpaka sasa hivi. Kule Mwanza hawakumwambia. Kilichobaki kilikuwa Dodoma au Masumbwe, na hakuna aliyejua ni kipi. Lakini Jumatano iliyopita, mezani kwangu, mtu mmoja alisema Masumbwe si mbali, Ijumaa jioni yuko nyumbani. Nimeyaandika hapa. Dada Ritha, ulijuaje?"

Huko nje karasha moja ilizimwa. Asteria alimgeukia dada yake taratibu, kama mtu anayesubiri kucheka.

"Ritha, mwambie. Mwambie ulikisia tu."

Ritha hakusema alikisia. Aliuweka mwiko juu ya ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Laini iko kwenye debe la mchele," alisema. "Nilitaka kuivunja, nikasahau. Nasahau vitu vingi siku hizi. Silali."

"Kwa nini?" Asteria hakupaza sauti.

"Unaniuliza kwa nini? Mama alipofariki mimi nilikuwa nimechaguliwa kidato cha tano. Daraja la pili. Unalijua hilo? Hulijui, ulikuwa darasa la tatu. Nilikuja hapa kupika miezi miwili mpaka baba apate duara zuri. Miezi miwili, Asteria. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Ada yako nimeitoa kwenye haya maharage. Na sijawahi kukusimanga, sema kama nimewahi."

"Hujawahi."

"Udaktari ni miaka mitano, na mwaka wa mazoezi juu yake. Baba anaamka mara nne usiku. Saa kumi alfajiri nabandika maji ya chai. Nikahesabu nikaona nitakufa kabla yake. Masumbwe ungekuja Ijumaa, ungemshika siku mbili, mimi nilale. Nilitaka kulala tu. Na ungekuwa na shahada bado, ungekuwa mwalimu. Si kwamba nilikufukuza shule."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba, ungelia, ungekubali, halafu ungenichukia. Hivi usingejua. Ungesema ni mtandao."

Mzee alisema kutoka kwenye mito, "Aliniambia ni laini ya kliniki. Ulipoisoma ile barua ndipo nikaelewa. Mwacheni. Amenilisha."

Agnetha alimtazama Asteria. Alikwishaona kesi za ndugu. Nyingi huishia hapo, mlalamikaji anaomba faili lifungwe, watu wanalia, wanasameheana mbele ya askari. Alikuwa hata ameshafunika kalamu.

"Mlalamikaji ni wewe," alisema. "Onesmo nitakwenda naye mahakamani kwa vyovyote. Kwa huyu, nataka kusikia neno lako. Na nikuambie ukweli: chuo cha mwaka huu kimeshapita. Masumbwe nako wamefunga usajili Ijumaa. Utaomba tena mwakani."

Asteria alikuwa anamtazama dada yake mikononi, si usoni. Alipoongea, sauti yake ilikuwa kavu.

"Alinishika bega pale kituoni, afande. Nililia nikamwegemea, naye akanifuta machozi. Mpeleke."

Ritha akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ameambiwa bei ya kitu aliyokuwa akiijua. Alivua kanga ya jikoni, akaikunja, akaiweka juu ya benchi. Selestine hakumfunga pingu.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Wachimbaji wa zamu ya asubuhi walikwishaanza kupanda kutoka mashimoni, weupe kwa vumbi, wanakaa kwenye mabenchi wawili wawili na kugonga meza. Chumbani kikohozi kilianza tena. Agnetha alikuwa ameshika mlango wa gari pale Asteria alipotoka mbio.

"Ritha! Anapewa dawa ipi sasa hivi? Ile ya njano au ya kunywa?"

Ritha alishusha kioo. "Ya kunywa, vijiko viwili, akishakula. Asile kwanza mpaka umkalishe. Ya njano ni saa kumi. Usiku mgeuze ubavu wa kushoto, kulia kunambana. Akikataa uji mwimbie, ataunywa."

"Nimwimbie nini?"

Selestine aliwasha gari. Kwenye kioo cha pembeni Agnetha alimwona binti amesimama vumbini, midomo inarudia aliyoambiwa, ya kunywa vijiko viwili, ya njano saa kumi. Mchimbaji mmoja akagonga meza kwa sahani ya bati.

"Ritha yuko wapi leo? Tuna njaa hapa!"

Asteria alirudi bandani, akaokota kanga kwenye benchi, akajifunga.

"Leo ni mimi," alisema. "Maharage au nyama?"